Alama za Nyumba Nzima

Siku hizo alama za mkopo zilikuwa za nyumba nzima: kila aliyelala chini ya paa lako alihesabiwa katika taarifa yako. Mwanakheri, muoka mikate wa Morogoro, alipoona zake zimeshuka wiki ile ile aliyoomba mkopo wa tanuri, hakubabaika. Aliifungua taarifa akaisoma mstari kwa mstari, mpaka akafika palipoandikwa: "Anaishi na mdaiwa sugu."

Huyo alikuwa baba yake, mzee Kibwana, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mkewe.

Mwanakheri akaipigia simu ofisi ya mikopo. "Deni la baba yangu, la jokofu alilokopa, lilishalipwa, na stakabadhi nimewatumia. Lifuteni."

Sauti ya mashine ikakagua, ikaomba radhi, ikalifuta. Alama zikapanda, mkopo ukapita. Mwanakheri akacheka peke yake jikoni.

"Zinaweza kupanda zaidi," sauti ikaongeza kwa upole. "Wakazi wazee hupunguza alama. Mzee naye tumeshamjulisha, kama utaratibu unavyotaka."

"Baba yangu haendi popote," akajibu, akakata simu.

Alimkuta sebuleni, begi limefungwa, kofia kichwani.

"Nitakwenda kwa shangazi yako, mwanangu. Usiharibikiwe kwa ajili yangu."

"Hapa ni kwako, baba. Mkopo nimeshapata." Akalichukua begi, akazirudisha nguo kabatini moja moja.

Mzee akatabasamu, akaketi kwenye kochi. Lakini viatu hakuvua, hata chakula kilipoletwa.