Siku Niliyompoteza Mama

Kilonzo alisoma ukurasa wa kwanza kwa kebehi, kisha akaiachilia karatasi ianguke mezani.

"Hii ni insha ya mwenzenu Wangeci. 'Siku Niliyompoteza Mama.' Programu yetu ya kukagua inasema asilimia tisini na moja imeandikwa na AI. Mimi ningesema mia."

Wanafunzi arobaini wa mwaka wa pili, wote wakisomea ualimu katika chuo kimoja mjini Thika, waliinamisha vichwa. Wangeci, aliyeketi safu ya pili, hakuinamisha chake.

"Niliandika mwenyewe, Mwalimu."

"Sikiza basi." Akaiokota tena. "'Mama aliniacha saa sita mchana, siku ya Alhamisi, chumba kimejaa watu, na hakuna aliyelia. Nilimwita. Macho yake yalikuwa mlangoni.' Nani hufiwa hivi? Mtu akifiwa huchanganyikiwa, huandika makosa. Hapa hata koma moja haijapotea."

"Niliirudia mara sita."

"Ati mara sita." Kilonzo alicheka peke yake. "Nyinyi ndio mtatufundishia watoto, na kurasa mbili zinawashinda bila mashine. Na wewe umekosa haya kabisa, unamtumia marehemu kuiba alama. Mamako angekuwa hai leo, angekukana."

Wangeci aliinuka. Alichukua mkoba wake akatoka nje.

Kilonzo hakumwita. Muhula uliopita wanafunzi saba walimletea insha saba kuhusu nyanya zao waliofariki, na nyanya wote saba walikuwa wakinukia maua ya lavenda. Aliwapa alama nzuri kabla ya kugundua kuwa ni kazi ya mashine, na walimu wenzake walimcheka hadi muhula ukaisha. Aliapa kwamba hatachezewa tena. Jioni hiyo hiyo alipeleka jina la Wangeci kwa kamati ya nidhamu. Adhabu ilijulikana: mwaka mzima nje ya chuo.

Kamati ilikaa Jumatano. Mwenyekiti, Madam Njambi, alimpokonya Wangeci simu, akampa kalamu, karatasi na saa moja.

"Endeleza hadithi yako," alimwambia. "Tuambie maisha yakoje tangu siku hiyo."

Kilonzo alisimama nyuma ya kiti cha Wangeci muda wote, karibu sana, kama askari anayelinda mshukiwa. Wangeci aliandika bila kugeuka. Alifuta maneno mawili tu.

Njambi alisoma kurasa zile akiwa amevua miwani, kisha akamsukumia Kilonzo. Wangeci alikuwa ameandika kuhusu chumba alichokodi Makongeni, na jinsi bado anavyokaanga mayai mawili akijua atakula moja. Aliandika kwamba kila Jumapili baada ya kanisa hupiga namba ya mamake na kuisikiliza ikilia mpaka ikatike.

Kilonzo alisoma hadi mwisho. Akarudi mwanzo, akitafuta kosa, akakosa.

"Aliyeandika hii ndiye aliyeandika ile," Njambi alisema. "Kesi imeisha. Na yale uliyomwambia kuhusu mamake mbele ya darasa, Mwalimu, utamwomba msamaha."

"Sitaki msamaha wake," Wangeci alisema. "Nataka alama zangu."

Alipewa ishirini na nane kwa thelathini. Tangu hapo alikuwa akiingia darasani, anaandika, anatoka, na Kilonzo akimsalimia anatazama ubao.

Lakini yale maneno aliyoyasema darasani yalimkaa Kilonzo rohoni. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mamake huko Tala miaka mitatu iliyopita, na mtu angemwambia vile siku zile angemvunja meno. Kama binti hataki kusikia, alijiambia, familia yake itasikia. Kwenye fomu ya Wangeci ya kujiunga na chuo palikuwa na anwani ya nyumbani kwao: Membley, Ruiru. Jumamosi asubuhi alinunua sukari kilo mbili, majani chai na pakiti ya unga, akaenda.

Mwanamke wa miaka hamsini hivi alimfungulia geti. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni.

"Habari yako, mama. Mimi naitwa Kilonzo, mwalimu wa Wangeci kule Thika." Aliweka mfuko chini. "Nimekuja kuwapa pole. Na kuomba msamaha, kwa sababu nilimtaja vibaya marehemu mamake."

Mwanamke aliutazama mfuko.

"Mamake ni mimi."

Kilonzo alihisi kitu kama furaha. Hakuwa amekosea. Labda haikuwa mashine, lakini ulikuwa uongo, na tayari alikuwa akiipanga barua ya kumwandikia Njambi Jumatatu.

"Basi ametudanganya sisi wote," alisema. "Ameandika kurasa nzima kwamba alikupoteza."

"Huyo hajui kudanganya." Mwanamke alijipangusa povu kwenye leso aliyojifunga kiunoni. "Angejua, kakake hangefungwa. Waliitwa mashahidi wanne pale kortini Alhamisi moja, na watatu walisema hawakuona kitu. Yeye akasema aliona."

Aliusukuma mfuko kwa mguu mpaka ukawa nje ya geti.

"Rudi na sukari yako, Mwalimu. Mimi nilizaa mtoto mmoja tu, na amepewa miaka kumi na mitano."