Nungunungu na Kioo Kilichopasuka

Palikuwa na Nungunungu, karani mwenye haya nyingi, aliyetunza ndani ya kompyuta zamu za wanyama za kunywa maji kisimani. Kiangazi kilikuwa kikali, na bila zamu hizo wangeuana.

Asubuhi moja aligeuka ghafla, miiba yake ikapasua kioo cha kompyuta. Kikawa cheusi tii. Nungunungu akajua zamu zote zimepotea. Badala ya kwenda kumwambia mkuu wao Tembo, akabeba kioo, kibodi na kasha la kompyuta, akaingia kichakani kuchimba shimo.

Kindi, hodari wa kuweka akiba, alimwona kutoka mtini.

"Karani, unazika nini?"

"Kompyuta imekufa, ndugu yangu. Usimwambie Tembo."

Kindi akateremka, akaikagua. "Uso wako ukivimba, unasahau jina la mama yako?"

"Nitalisahauje?"

"Basi kioo ni uso tu. Zamu zimo humu kwenye kasha, ndani ya diski, kama karanga zangu zilivyo ardhini hata nisipoziona."

Wakarudi, wakaliunganisha kasha na kioo cha zamani kilichokuwa stoo. Zamu zikatokea zote, kuanzia ya Swala hadi ya Kobe.

Kisha Nungunungu akaenda mwenyewe kwa Tembo, akasema alivyopasua kioo.

"Kioo kitapatikana," Tembo akasema. "Zamu je?"

"Zipo, Mzee," akajibu, akashusha pumzi. Alijua kilichokaribia kuzipoteza si mwiba wake, ni lile shimo.