Nyuzi Thelathini na Sita

Fundi Shamte alizungusha skrubu ya kidhibiti joto, akangoja. Joto la mashine ya watoto njiti lilipita nyuzi thelathini na sita, likashuka chini yake, likapanda tena. Mwaka jana aliiacha ikiyumba hivihivi, na kichanga kikafia humo kwa joto. Hakuna aliyemuuliza.

"Fundi, bado? Mwanangu anapoa," Tunu alisema, amemkumbatia mtoto kifuani.

"Bado kidogo, dada."

Akazungusha tena, kiasi cha unywele. Safari hii namba zilipanda taratibu, zikatulia. Muuguzi akamlaza mtoto ndani.

"Unaitwa nani, kaka?" Tunu akauliza. "Nataka nimpe jina lako."

Shamte akageukia kioo cha mashine. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anamtazama.