Baba Hayupo

Waliokuwapo ni Kobe, mwenyekiti wa baraza la malezi. Kanga, afisa ustawi. Na Panzi, karani, aliyekaa kwenye ufa wa mti ili asikie vizuri. Nyuma ya ufa huo, ndani ya shimo lililozibwa kwa udongo, walikuwamo Mama Hondohondo na makinda wawili.

"Baba wa watoto yupo?" aliuliza Kanga.

"Hayupo. Ametoka kututafutia chakula."

"Karani, andika: hayupo."

"Lakini bibie, nimesema ametoka."

"Hayupo ni hayupo, mama," alisema Panzi. "Fomu haina nafasi ya maelezo."

"Basi watoto watakwenda kwa shangazi yao," alisema Kobe, akachukua kalamu atie sahihi.

Hapo Baba Hondohondo alitua, akihema. "Shikamooni, wazee. Leo nimezunguka kutwa, sikupata hata tunda moja." Akatazama kwenye ufa. "Kumbe mmewaletea wanangu kitoweo. Asanteni sana."

Akakidonoa, akakipitisha ndani. Makinda wakashangilia.

Kobe alifuta "hayupo", akaandika "yuko kazini".

Karani Panzi alifariki saa kumi alasiri.