Mlango wa Chumba cha Seva

Mwinchande aliiendesha skripti yake, na programu ya ulinzi, inayozuia kila programu isiyoruhusiwa, ikaingia katika seva zote za hospitali. Kirusi kilichokuwa kikitafuna mafaili ya wagonjwa tangu asubuhi kikagonga mwamba. Akatabasamu, akaenda mlangoni, akagusisha kadi yake. Taa ikawaka nyekundu.

Alikuwa amesahau kuiruhusu programu inayofungua mlango ule wa chuma. Na skripti aliiandika kwa ukali wake mwenyewe: ikishaanza kazi haikubali nyongeza. Ni kuiacha ilivyo au kuiondoa yote.

"Iondoe utoke!" Bi Zamda, mkuu wake, alipaza sauti nyuma ya kioo kidogo cha mlango.

"Nikiiondoa, mama, kirusi nacho kinapita."

"Basi nizime kiyoyozi."

"Usithubutu! Mashine zitaungua."

"Fundi wa kuchomelea, wa kuja kuukata mlango, bado yuko ng'ambo ya mto. Na kishati hicho, mwanangu, baridi itakuua humo."

Meno ya Mwinchande yalikuwa yakigongana. Kwenye skrini, kirusi kilibisha hodi, kikakataliwa, kikabisha tena. Kidole chake kikasogelea kitufe cha kuondoa, kikasita, kikarudi kwapani.

Bi Zamda akavua kanga aliyojitanda, akapiga magoti, akaanza kuisukuma chini ya mlango. Ikapenya pembe moja tu, sehemu iliyobaki yote ikakwama. Mwinchande akaketi sakafuni, akaikamata ile pembe kwa mikono miwili. Bado ilikuwa na joto la mabega ya Bi Zamda.