Atalala kwa Nani

Katekista alifunga kitabu akawauliza akina mama wa kigango, "Yesu akija leo, mwaka huu wa sabini na sita, akaona lami, malori ya Zambia na redio zetu, atashangaa nini? Na hapa kijijini atalala kwa nani?"

Apolonia aliinamisha kichwa, akingoja kutajwa. Miaka tisa alikuwa akifua vitambaa vya altare mpaka vidole vikachubuka kwa sabuni. Nyumba yake ndiyo pekee iliyoezekwa kwa bati.

"Malori hayatamshangaza," alisema bibi mmoja. "Atalala kwa yule mama muuza pombe ya ulanzi."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Apolonia aliona wivu. Mwanamke yule hata misani hakanyagi! Akanyoosha mkono kupinga.

"Atalala wapi pale? Ana kitanda kimoja tu."

"Kilikuwa hicho hicho kimoja tulipohamishiwa kijiji hiki wakati wa mvua, mwanangu," bibi alimjibu taratibu. "Ulikilalia wewe na kichanga chako wiki tatu nzima. Mwenyewe alilala chini."

Mkono wa Apolonia ulikuwa bado juu, na akina mama wote walikuwa wakiutazama.