Namna ya Kumgeuza Mama

Siku hizi muuguzi akibuni njia bora ya kumhudumia mgonjwa, njia hiyo hufundishwa mashine, na tangu hapo binadamu haruhusiwi kuitumia tena. Sekela aliijua sheria hiyo, naye, muuguzi, alitaka kumuuguza mama yake aliyepooza kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana njia yake ya kumgeuza mtu aliyepooza bila kumuumiza, iliyomaliza vidonda vya mgongoni wodini kwao, alimwonyesha mtu mmoja tu: Ambakisye, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyefanya kazi naye miaka tisa.

Jumamosi asubuhi mashine ya huduma ikafika nyumbani kwa Sekela. Ilisogea hadi kitandani, ikapitisha mkono chini ya bega la mama, ikasubiri ashushe pumzi, kisha ikamgeuza. Kusubiri pumzi ishuke kulikuwa ugunduzi wa Sekela.

Akampigia Ambakisye simu.

"Umewapa wenye mashine njia yangu?"

"Dada Sekela, fikiria wagonjwa wa nchi nzima. Wewe ulikuwa unafikia wodi moja tu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Akakata simu. Akainama amshike mama bega, lakini mashine ikamwomba kwa adabu asogee, kwani kazi hiyo haikuwa yake tena.

"Iache, mwanangu," mama akasema, macho ameyafumba, uso umetulia. "Leo hata sikusikia maumivu. Wewe ulikuwa unaniumiza kidogo, ila sikutaka kukwambia."

Sekela akasogea.